Waya za Meno za Binti Zawagonganisha Mama wa Shinyanga na Baba wa Katoro, Kumbe Siri Ilikuwa kwenye Eksirei

Mama aliomba milioni moja na laki sita. Kilichoingia kwenye simu yake ni elfu hamsini, na chini yake ujumbe: "Hiyo ya mswaki na dawa. Meno yatajipanga yenyewe."

Ilikuwa Julai 2025. Mama anaishi Shinyanga mjini, ana saluni yake ya viti vitatu. Baba yuko Katoro, mkoani Geita, ana hisa kwenye maduara mawili ya dhahabu na karasha moja analomiliki na mwenzake. Binti yao yuko darasa la sita, anakaribia miaka kumi na mbili. Hiyo milioni moja na laki sita ilikuwa nusu ya gharama ya kumwekea waya za meno.

Kabla ya hapo hawa wawili walikuwa wanatolewa mfano. Waliachana mahakamani mwanzoni mwa 2020 bila kurushiana viti. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaanza na dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni vyema akae na mama yake mpaka ithibitishwe vinginevyo, na binti alikuwa na sita. Hakimu akampa mama. Baba akapewa likizo ya Juni na ya Desemba, laki moja na nusu kila mwezi, ada ya shule, na nusu ya matibabu. Watu mtaani wanaita hiyo kulea pamoja, ingawa kwenye karatasi mtoto ana kwao pamoja, na kwingine anakwenda kutembea.

Makabidhiano yalikuwa yanafanyika Usagara. Anayeijua njia hiyo anaelewa kwa nini: barabara ya kutoka Shinyanga na ile ya kutoka Geita zinakutana pale kabla ya kuingia Mwanza. Mama anashuka na mtoto kwenye basi, baba ameshavuka ziwa, wanasalimiana, begi linabadilisha mkono, kila mtu anarudi kwake. Miaka mitano hivyo. Hata pantoni ya Kigongo na Busisi ilipokuwa inachelewesha watu, mama alikuwa anasubiri kwenye mgahawa bila kupiga simu za matusi. Kwa wazazi walioachana, hilo si jambo dogo.

Halafu yakaja meno.

Chonge la juu kushoto la binti halikutokea. Wenzake walishaota yote ya mbele, yeye upande huo palikuwa kimya, na meno mengine yakawa yamehamia pale, yamebanana na kupandana kama abiria wa Noah siku ya mnada. Kung'ata muhindi wa kuchoma ilikuwa kazi. Darasani walimpa jina, na jina hilo halitaandikwa hapa kwa sababu bado analichukia. Kwenye picha za shule alikuwa anageuza uso upande mmoja tu.

Mama alimpeleka kwa daktari wa meno mjini Shinyanga. Daktari akaangalia, akasema huyu anahitaji mtaalamu wa kupanga meno. Wataalamu hao nchini ni wachache na wengi wao wako Dar es Salaam, lakini Mwanza wanapatikana. Akamtajia makadirio ya kuanzia: kama milioni tatu na laki mbili, kwa takribani miaka miwili, na mtoto aonekane kila mwezi. Mama akagawa kwa mbili, akatuma ujumbe Katoro.

Kwa baba, neno lililokuwa kwenye hukumu ni matibabu. Matibabu ni malaria. Ni taifodi, ni mkono uliovunjika. Waya alikuwa amewaona nazo wasanii na watoto wa wakubwa wa Dar, na kichwani mwake hizo zilikuwa kundi moja na kucha za bandia. Tena kwao Usukumani kuna vijiji ambavyo watu walikulia maji ya visima yenye floraidi nyingi mpaka meno yakawa ya kahawia, na maji ya Ziwa Victoria yalikuja kufika Shinyanga na Kahama karibu mwaka 2009. "Sisi meno yetu ya kahawia na tumeoa," alimwambia mama kwenye simu. Na mwanya? Mwanya si ndiyo urembo wenyewe? Nani alimwambia kila mtu lazima awe na meno yaliyonyooka kama vigae?

Alikuwa na hoja nyingine, na hii ilikuwa ya maana kuliko zote, ila aliisema mwisho na kwa hasira. Hela ya duara haiji kila mwezi. Unaweza kukaa miezi minne unalisha wachimbaji, unanunua magogo na baruti, mawe yanatoka matupu. Kisha wiki moja duara linatema, mnagawana mwenye eneo, wenye hisa na wachimbaji, na unalipa madeni ya miezi minne. Mtu wa namna hiyo anaweza kukupa milioni tatu leo. Kumwomba laki moja kila tarehe tano kwa miaka miwili ni kumwomba kitu asichokuwa nacho. Na waya zikishafungwa huwezi kuziacha njiani. Meno yaliyokwisha kusogezwa nusu, mtoto akiacha kwenda kliniki, yanaweza kurudi vibaya, na uchafu unaokaa kwenye vile vyuma unatoboa jino taratibu.

Angeyasema hayo kwa utaratibu, pengine wangekaa chini. Yeye akatuma elfu hamsini na kejeli.

Mama naye akakosea hapo hapo. Alimpiga binti picha akiwa amefungua mdomo, akaiweka kwenye stetasi na maneno: "Wengine kazi yao kuzaa tu, kulea tutalea sisi." Wateja wa saluni wakaiona. Shemeji zake wa zamani wakaiona. Skrinshoti ikafika Katoro kabla ya chakula cha jioni. Na binti mwenyewe, ambaye alikuwa anakwepa kamera mwaka mzima, akakuta mdomo wake unazungumziwa na watu wazima asiowajua. Baba akamblokisha mama. Kwa wiki tatu walikuwa wanawasiliana kupitia simu ya binti.

Agosti mama alikopa kwenye kikoba, akampeleka mtoto Mwanza peke yake. Huko ndiko ikapigwa eksirei ya taya zima, ile ya mashine inayozunguka kichwa. Daktari akaiweka kwenye mwanga. Chonge la kushoto lilikuwepo, ila limelala ndani ya mfupa, limejipinda kuelekea kwenye mzizi wa jino la jirani. Likiachwa, linaweza kuula ule mzizi. Kwa hiyo kazi haikuwa kunyoosha tu: ni kutengeneza nafasi, kufanya upasuaji mdogo wa kulifungua, kulifunga kamba na kulivuta lishuke polepole.

Kisha daktari akauliza swali ambalo mama hakulitegemea. Huyu mtoto akiwa mchanga, aliwahi kutolewa meno ya plastiki?

Wasomaji wengi wamekulia kwenye nyumba ambazo neno hilo linajulikana. Mtoto wa miezi mitano, sita, anaharisha na kutapika, fizi zake zina uvimbe mweupe pale chonge zinapotaka kuota, na mtu anasema hayo ni meno ya plastiki, wengine wanaita ya nailoni, yasipotolewa mtoto anakufa. Anaitwa fundi. Anatumia kijiti cha baiskeli, kisu, chochote chenye ncha, anachimbua. Kinachotoka ni kijino laini cheupe, na kila mtu anasema "umeona?" Kile kijino ndicho chonge la utoto lenyewe ambalo halijakomaa. Habari hizi zimekuwepo Tanzania tangu miaka ya 1980. Uganda wanaita ebinyo. Familia zilizohama zimekwenda nayo mpaka nje, na madaktari wa meno huko Uingereza na Israel wameandika kuhusu watoto wa asili ya Afrika Mashariki waliokutwa na chonge pungufu kwa sababu hiyo. Kuharisha kunatibiwa kwa maji ya chumvi na sukari ya paketi na vidonge vya zinki. Kidonda cha fizi kilichochimbuliwa na kijiti kichafu kinaweza kuleta pepopunda, damu isiyokatika, na magonjwa mengine. Na mtoto akipona, jino la ukubwa lililokuwa linajiandaa chini yake linaweza kuota na kasoro, kupotea njia au kutoota kabisa.

Daktari alisema hawezi kuapa. Meno hupotea njia hata kwa watoto wasioguswa na mtu. Lakini chonge la utoto la upande ule halikuwahi kuota, na alishawahi kuona vinywa vya aina hiyo.

Mama akasema hapana, mwanangu hajawahi. Akatoka pale, na kwenye basi, maeneo ya Misungwi, akakumbuka. Mwaka 2014 alilazwa siku sita kwa taifodi, mtoto akiwa na miezi saba. Alibaki na mama mkwe. Aliporudi alikuta fizi zina vidonda, akaambiwa ni meno yanaota.

Akaazima simu ya abiria wa jirani, akaandika ujumbe mmoja tu kwenda Katoro: "Nilipolazwa, mlimfanya nini mtoto mdomoni?"

Jibu lilikuja saa sita usiku. Ujumbe wa sauti wa dakika nne, nusu ya kwanza ni kelele za karasha. Halafu jamaa akasogea pembeni na kueleza. Mtoto aliharisha siku mbili, macho yakaingia ndani. Mke yuko wodini na yeye hajui kama atatoka. Mama yake mzazi akasema ni meno ya plastiki, tayari yameua watoto wa jirani wawili. Yeye ndiye aliyemlipa fundi, elfu tano na kuku. Alimshika mtoto miguu. Alisema kile kilio hajawahi kukisahau, na kwamba kila mama alipotaja meno ya binti, alikuwa anatafuta njia ya kubadilisha mada.

Kwa hiyo zile hoja za urembo, za mwanya na za meno ya kahawia zilikuwa na kazi nyingine. Mtu aliyekuwa na mtoto anayekauka mkononi na mke aliyelazwa, akaamini neno la mama yake, ni vigumu kumhukumu kwa siku ile. Miaka kumi na moja ya kukaa kimya ni habari tofauti, hasa miezi ile miwili ya mwisho alipokuwa anamwita mwenzake mpenda makuu huku jibu analijua.

Dada wa mama alitaka bibi afunguliwe kesi. Mama hakukubali. Lakini alikwenda ofisi ya ustawi wa jamii na dai jipya: nusu kwa nusu imekufa, baba alipe milioni tatu na laki mbili zote, kwa sababu uharibifu ni wa kwao. Baba alipofika akashikilia hukumu: imesema nusu. Kila mmoja alikuwa na karatasi yake mkononi. Kama bado kulikuwa na mtu anabisha kwamba hayo ni matibabu, ile eksirei ilimaliza ubishi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi ampe mtoto matibabu, na haisemi jino haliko mwilini.

Sheria hiyo hiyo, tukiwa hapo hapo, ndiyo iliyofuta ile ya zamani ya matunzo ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa, iliyokuwa na kiwango cha shilingi 100 kwa mwezi. Shilingi mia, mpaka 2009! Leo haitoshi hata pipi mbili.

Afisa aliwaacha wabishane karibu saa nzima. Halafu akawatoa nje wote wawili, akabaki na binti. Kifungu cha 11 cha sheria hiyo kinampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa kwenye mambo yanayomhusu. Wazazi wengi hawakijui, na wanaokijua hukikumbuka pale mtoto anapokubaliana nao.

Binti alisema anataka waya. Hakusema kwa ajili ya picha, alisema anataka kula muwa kwa meno ya mbele kama watu. Alisema anaogopa upasuaji, na anaomba usifanyike karibu na mtihani wa darasa la saba, Septemba 2026. Akauliza nani atakuwa anampeleka Mwanza kila mwezi, kwa sababu baba husema kesho na mama hufunga saluni akiwa amenuna. Na la mwisho, asiambiwe mtu yeyote kwamba bibi ndiye aliyemharibu meno. Bibi ni wake. Jambo la kumwambia bibi, kama lazima aambiwe, aambiwe na baba, tena nyumbani, si kwenye simu.

Afisa alipowarudisha ndani akawasomea aliyoyaandika. Wote wawili walikuwa wamejiandaa kujibiana wao kwa wao. Kwa hili la kwao binti hawakuwa na majibu.

Makubaliano yaliandikwa siku ile ile. Baba analipa milioni mbili na laki mbili, mama milioni moja. Hela inakwenda kliniki moja kwa moja, haipiti kwenye simu ya mzazi mwenzie. Baba akipata, analipia miezi ya mbele, hakuna cha kila tarehe tano. Mtoto anapelekwa na yule anayekaa naye mwezi huo. Picha ya mdomo wake haiwekwi popote. Hilo la picha mama alilisaini bila kuinua macho.

Oktoba bei ya dhahabu duniani ilivuka dola 4,000 kwa wakia, na duara moja la jamaa, kwa bahati, halikuwa kavu. Aliuza kwenye soko la dhahabu la Geita, lile lililofunguliwa Machi 2019, akalipa kliniki tangulizi ya milioni moja na laki mbili na miezi sita ya mbele. Wenzake kijiweni walimcheka kwamba mtu anachimba dhahabu halafu anamwekea mtoto chuma. Amtie la dhahabu basi, yaishe. Alicheka nao.

Waya zilifungwa Novemba. Siku tatu za kwanza binti alikula uji na mtori tu. Alipewa karatasi ya vitu vilivyokatazwa: vigumu, vya kunata, vya kutafuna kwa nguvu. Karanga, bisi, miwa, jojo. Aliyeandika karatasi ile ni wazi hajalelewa Usukumani, maana hakutaja michembe.

Desemba baba alimpeleka kijijini kwa bibi. Bibi alikuwa ameweka debe zima la michembe kwa ajili ya mjukuu, vile vipande vya viazi vilivyokaushwa mpaka vinalia kama changarawe. Alipoona vile vyuma akauliza ni nini hicho. Baba akamtuma binti dukani. Walichoongea hakuna aliyekisikia, na mzee wa watu hakulia wala kuomba radhi kwa namna ambayo watu wa mjini wangetegemea. Alisema watoto walikuwa wanakufa, na yeye alifanya lililokuwa linafanywa. Kisha akauliza kama jino bado linaweza kuteremka. Baba akamwambia linaweza. Jioni ile michembe ililoweshwa, ikachemshwa mpaka ikalainika, na binti akala na karanga zilizotwangwa.

Miadi ya mwanzo wa Januari ilikuwa zamu ya Katoro. Jamaa aliamka saa kumi na moja alfajiri. Tangu Juni 2025 hakuna tena foleni ya pantoni. Daraja la Kigongo na Busisi, kilometa tatu juu ya maji, unalimaliza kwa dakika chache. Saa nne walikuwa kwa daktari. Waya zikakazwa, upasuaji ukapangwa likizo ya Juni. Ni mapema kuliko mtihani, na likizo hiyo ni ya baba, kwa hiyo yeye ndiye atakayekaa naye kwenye kile kiti.

Mchana wakafika Usagara. Mama alikuwa ameshashuka kwenye basi. Hawajarudi kuwa marafiki, na bloku ilitolewa nusu tu: mama anaweza kupiga, stetasi zake jamaa hazioni. Baba alimkabidhi begi, kadi ya kliniki na chupa ya uji, akamwonyesha tarehe ya Februari iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu.

"Hii ni Jumamosi," mama akasema. "Jumamosi saluni inajaa."

Baba akasema hiyo ni zamu yako. Mama akasema anajua ni zamu yake, anachouliza ni kama kliniki inaweza kusogeza hadi Jumatatu. Binti alikuwa ameshapanda kwenye basi, amekaa dirishani, anakunywa uji kwa mrija.